Kilti ya kuoshea magari

Hili sijawahi kumwambia mtu: sipendi suruali.

Ovaroli ya kuoshea magari ikilowa inanigandia magotini mpaka nachubuka. Nyumbani mimi na Baba mdogo tunavaa misuli. Lakini nani atavaa msuli kazini, huku ugenini, barabara ya Jules Street?

Leo asubuhi, kwa mama mmoja Mkongo anayeuza mitumba, nikakuta kilti mbili, zile sketi za wanaume wa Uskoti.

Moja ya sufu, nzuri sana, lakini ikilowa haikauki leo wala kesho.

Nyingine ya pamba nzito, bei nafuu, ina mifuko. Nikaichukua hiyo.

"Petit, hii jupe, hii sketi, ni ya mama yako?" akaniuliza yule mama.

"Ni yangu." Nadhani nilinong'ona.

Nikaenda kazini nimeivaa, mikunjo mbele, kama msuli. (Mnaocheka, nawaona.)

Baba mdogo akafunga maji. "We! Sketi ya nani hiyo? Kabadilishe kabla wateja hawajaja!"

Mteja alishafika. Mzee wa Kizungu, na bakkie yake, pikapu, imejaa tope. Akanitazama kiunoni. Nilitamani kuingia kwenye ndoo.

"Kijana," akasema kwa Kiingereza, "umeivaa nyuma mbele. Mikunjo inakaa nyuma. Babu yangu alikuwa akilisha ng'ombe amevaa kilti kama hiyo."

Baba mdogo akamtazama, akanitazama.

"Eish. Kumbe ni msuli wa Wazungu." Akafungulia maji. "Haya, geuza, tufanye kazi."

Nikageuza, nikaosha bakkie. Jioni nikaifua kilti, nikaianika kambani, pembeni ya msuli wake.