Barabara ya Pinga Ilipovalishwa Nguo

Vita vilipotulia kidogo upande wetu wa Walikale, nilipata kazi ya kuvunja mawe kwenye barabara ya Pinga. Wengi wetu tulikuwa wanawake. Aliyetuongoza ni injenia mmoja mwembamba kutoka Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, asiyejua kusema uongo hata kidogo.

Chini ya mteremko kulikuwa na tope lililomeza kila jiwe tulilomwaga. Basi injenia akaleta marobota ya kitambaa cheupe, kizito kama blanketi, akasema kitatandikwa kwanza, kisha mawe yapangwe juu yake. Tukacheka: barabara nayo inavaa nguo! Yeye akakamata bidoni, akamwaga maji juu ya kipande. Yakapenya yote.

"Munaona? Maji inapita, matope inabakia chini. Mawe haitazama tena."

Wapiganaji wenye kizuizi pale juu ya mteremko nao walikuwa wanatazama, ila kwa mbali. Kesho yake mkubwa wao akateremka na bunduki begani, akapapasa robota moja.

"Hii iko nzito. Hii njo itakuwa hema yetu."

Injenia akafungua kinywa. Nilijua angeeleza yote, toka mwanzo hadi mwisho, kama katekisimu. Nikamkanyaga mguu.

"Beba tu, Papa komanda," nikasema. "Mvua iko karibu. Mutalala muzuri."

Injenia alininong'oneza, "Mama, lakini ile kitambaa..."

"Alikuuliza?"

"Hapana."

"Basi haujadanganya muntu."

Mvua ya Walikale haichelewi. Ilinyesha siku hiyohiyo, saa za mchana, tukiwa tumejibana chini ya bati la stoo. Kule juu tulisikia matusi kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa lugha nyingine ambazo sikuzijua. Wenzangu walijiziba vinywa kwa vitenge, machozi ya kicheko yakiwatoka.

Mvua ilipokatika, komanda alikuja amelowa hadi soksi, watu wake nyuma yake wamebeba kile kitambaa kichwani, kinawachuruzikia maji shingoni.

"Mama! Hii hema yenu inatukojolea!"

"Papa, hiyo njo kazi yake, kupitisha maji. Uliza injenia."

Injenia, kwa furaha ya mtu aliyeruhusiwa kusema kweli, akawaeleza kwa muda mrefu sana. Komanda akachoka, akaamuru kitambaa kitandikwe upesi ili maneno yaishe. Watu wake wakashika ncha, wakakinyoosha wenyewe juu ya tope, nasi tukaanza kupanga mawe.

Juma lililofuata lori la mihogo likapita pale bila kusukumwa. Tulipiga vigelegele. Aliyenuna ni wifi yangu peke yake, maana alikuwa akiwauzia ugali wa fufu abiria waliokwama. Alibeba sufuria zake, akahamia kwenye tope la mbele, na kila akituona anatuomba tusifanye haraka.