Muuguzi anabeba kosa langu kwa sababu ya kaye niliyoificha

Ndugu zangu, jina langu mlifiche. Nina miaka ishirini na tano, mama wa watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Tunaishi Kavimvira kwa mama mkwe. Ninauza mchele, naufuata Bwegera kila baada ya wiki mbili.

Miezi minne iliyopita nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Nikapimwa kulekule Bwegera ambako hakuna anayenijua, wakaniambia ni kifua kikuu, dawa miezi sita. Tangu hapo safari ya mchele ni safari ya dawa pia. Watoto niliwabeba wote nikawapimisha, hawana, Mungu asifiwe. Mume wangu hajui, kwa hiyo hajapimwa. Hilo linanisumbua kila nikimtazama anakula.

Mtasema kwa nini nimenyamaza. Mke wa kaka yake mume wangu aliugua ugonjwa huohuo. Mama mkwe alimtengea kikombe, sahani, mpaka kiti. Mwishowe akarudishwa kwao Mulenge na watoto wakabaki hapa. Nilikuwapo, nilimfungia nguo zake. Kwa hiyo mimi nilijitengea kikombe mwenyewe, kimyakimya. Kunyonyesha, hata kulala, nilikuwa nageuza uso ukutani nisiwakohelee. Mume wangu akafikiri nimemchoka.

Kwetu kila kituo cha afya kinakuandikia kwenye kaye, daftari ndogo ya shule unayokwenda nayo. Mimi nina mbili. Ya Kavimvira ni ya watoto na uzazi. Ya Bwegera iko chini ya magunia ya mchele.

Mwezi wa pili wa dawa, mimi na mume wangu tulikubaliana nipumzike kuzaa, maana uzazi wa mwisho ulinimaliza damu. Nikaenda kwa muuguzi wa kituo chetu, nitamwita Mama Neema. Pale hakuna daktari, yeye ndiye anapima na kuandika dawa. Akafungua kaye yangu, akaniuliza, "Dada, kuna dawa ingine unakunywa? Hata ya kienyeji, niambie."

Nikasema hakuna. Akaniuliza tena. Nikasema hakuna.

Akaniandikia vidonge vya kupanga uzazi. Nilimeza kila siku, sikuruka hata kimoja. Sasa nina mimba ya miezi miwili.

Bwegera, muuguzi wa kifua kikuu aliposikia alishika kichwa. Akanieleza kwamba dawa yao moja inaifanya ile ya uzazi iishe nguvu mwilini kabla haijafanya kazi. "Angejua, angekupa njia ingine. Yule mwenzangu hukumwonyesha hii kaye?" Akaniambia dawa nisiache, na mtoto wa tumboni haina shida naye, ila kliniki ya wajawazito lazima wajue.

Nyumbani mume wangu anasema, "Ule mama alikupatia dawa zenye zilikwisha muda." Mama mkwe anawachekesha majirani: "Ni vidonge ao ni mbegu alimupatia?" Wanawake wameanza kumkwepa Mama Neema. Mume wangu amepeleka mashitaka kwa komite ya afya, watakaa Jumatano, na wengine wanataka asiandike dawa tena.

Juzi alikuja kwetu mwenyewe. Hakugomba. Aliomba pakiti zangu, akahesabu nafasi za vidonge, akasoma tarehe, akaona ziko sawa. Akasema taratibu, "Dada, miye nimeshindwa kulala. Nilikosea wapi? Kweli hakuna dawa ingine?" Mama mkwe alikuwa ameketi pale anachambua mboga. Nikasema hakuna. Mara ya tatu, ndugu zangu. Akaniambia nijitunze, akaenda, na yule mwanamke ndiye aliyenizalisha huyu ninayemnyonyesha.

Sina wa kumwambia. Dada zangu wako mbali, na kanisani neno halikai.

Msinishauri niache dawa, sitaacha. Mimba siitoi. Na Jumatano sitamwacha Mama Neema asimame peke yake, hilo nimekwisha kuamua. Ninachoogopa ni watoto wangu. Waliowahi kusema jambo kama hili ndani ya nyumba ya mkwe, niambieni: nianze kwa mume wangu kabla ya siku hiyo, nikijua atamwambia mama yake, ama niingie na kaye zote mbili niseme mbele ya wote, ili wakitaka kuninyang'anya watoto wafanye hivyo watu wakiona?