Miche ya Mivinje na Jicho la Bi Mwajabu

Nakumbuka asubuhi moja ya kusi, mwanangu, nilipotoka uani nikakuta miche yangu ya mivinje imekuwa rangi ya bizari. Vijani vyake, vile vyembamba kama sindano, vilikuwa vimepukutika na kutanda juu ya udongo. Niligusa mche mmoja tu, ukaniachia vijani vingine kiganjani.

Zama hizo za Mwingereza nilikuwa mwanamke kijana, mtalaka, nimerudi kwetu karibu na Mapinga. Na mtalaka wa siku zile, mwanangu, hakuwa na sauti barazani. Lakini kazi ile nilipewa mimi. Kila kusi ilipovuma, mchanga wa ufukweni ulipanda hadi makaburini. Kaburi la baba yangu lilikuwa limebaki jiwe la kichwani tu. Wazee wakakubaliana ipandwe safu ya mivinje izuie mchanga, nami niikuze miche mpaka mvua za vuli.

Madebe ya kupandia alitoa Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa akitulisha mimi na Bibi. Yalikuwa madebe ya mafuta ya taa, na aliyatoa kwa sharti: nisitoboe hata tundu moja. Miche ikishahamishwa, alitaka kuyapasua na kuyakunjua yawe bati la kuezekea jiko lake.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi Bi Mwajabu, mjane aliyeletwa na mumewe kutoka Miono, na mume akafa akamwacha hapo. Kila akipita alisimama akasema, "Miti yako imependeza, mwanangu." Watu walisikia kwamba hakutamka mashallah. Basi miche ilipogeuka manjano, hakuna aliyeuliza mara mbili. Bi Mwajabu ana jicho!

Ijumaa baada ya sala niliitwa barazani kwa Baba Mkubwa. Walitaka niseme mbele ya watu kwamba nilimsikia akiisifu miche, kisha yule mama aambiwe afunge vyake arudi Miono. Nikasema sijui bado. Wakanipa mpaka Ijumaa ya pili.

Nilirudi nyumbani nikilia. Bibi yangu alikuwa anasuka ukili, wala hakuinua uso.

"Unalia nini?"

"Miche inakufa, Bibi. Na wanataka nimtaje Bi Mwajabu."

"Umeitazama hiyo miche?"

"Naitazama kila siku."

"Unatazama majani. Mtu akiumwa tumbo utampapasa nywele? Umeanza matanga, na kilichoua hukijui. Ondoka mbele yangu, kafukue!"

Yaliniuma maneno yale, lakini nilikwenda. Mwanzo nilikuwa nimedhani ni kiu, ndiyo maana nilimwagilia asubuhi na jioni. Nikachomeka kidole: udongo umelowa tepetepe. Nikapekua vijiti nikitafuta wadudu, sikuona hata mmoja. Kisha nikakumbuka ile miche michache niliyopanda kwenye chungu cha Bibi kilichopasuka kitako. Mbegu ile ile, udongo ule ule, na Bi Mwajabu aliisifu kwa kinywa kile kile. Nayo ilikuwa kijani kibichi! Nikang'oa mmoja wa kwenye debe. Tope lilinuka kama mtaro, mizizi imekuwa myeusi, na ganda lake likabanduka vidoleni. Mti ulikuwa umezama maji.

Ijumaa ilipofika nililibeba debe kichwani mpaka barazani, katikati ya wanaume.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kusema?"

"Nimekuja kuonyesha."

Nikalimwaga debe miguuni pao. Harufu ikawafanya wazibe pua.

"Yaani mimi ndiye niliyeua miti?" akauliza.

"Nasema maji hayakuwa na pa kutokea. Bi Mwajabu hana kosa, nami sitamtaja. Mkimfukuza, nifukuzeni naye."

"Wewe mtalaka ndiye wa kutufundisha?"

Nilitoa msumari niliokuja nao, nikaokota jiwe, nikalitoboa debe pale pale mbele yake.

"Hilo debe ni langu!"

"Ni lako, Baba Mkubwa. Na kaburi linalofukiwa ni la mdogo wako."

Waliondoka mmoja mmoja, na habari ya kumfukuza yule mama haikusemwa tena barazani. Baba Mkubwa alininunia muda mrefu, na jiko lake akaliezeka kwa makuti. Nikayatoboa madebe yote. Mingi katika miche ile ilikufa, sikudanganyi. Lakini iliyobaki ilichipua upya, na vuli iliponyesha tuliipanda. Bi Mwajabu ndiye aliyenishikia miche. Wapo waliokataa kuipokea mkononi mwake. Nikawaambia warudi kwao, tutapanda wenyewe. Tukapanda.

Mwanangu, wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nimeona likiharibika, mchana kweupe, na watu wametoka kusali. Basi ukiona kitu kinanyauka, usiulize kwanza ni nani. Uliza ni nini. Fukua, nusa, linganisha kibovu na kizima. Ukishajua, sema, hata kama mkosaji ndiye anayekulisha. Msalimie kwa adabu, maana adabu haimzuii mtu kusema kweli, kisha usirudi nyuma. Na wakikutaka uape juu ya mtu asiye na wa kumtetea, funga kinywa chako, waache wakasirike. Heri kununiwa na ukoo mzima kuliko kulala na dhuluma.

Mola akupe macho ya kuona na moyo usiotishika. Akuzidishie umri wenye heri, wewe na kizazi chako. Amina.