Alama za Sufuria kwenye Kiti cha Ngozi

Nakumbuka swali kabla ya kuikumbuka siku yenyewe: ngozi ya ng'ombe aliyekwisha chinjwa, ikatiwa dawa, ikashonwa kuwa kiti cha gari, je, yasikia kukandwa? Nilikuwa msichana mdogo pale Kisauni, vita vikubwa vimekwisha juzijuzi, na jibu sikuwa nalo.

Mwanangu, mjomba wangu Hamisi alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja, Bwana Salim. Tajiri huyo alisafiri, akamwachia mjomba gari na neno moja tu: lisibebe mizigo. Lakini jirani yetu alikuwa akioza binti, na kwetu harusi haipikwi kwa sufuria za nyumba moja. Sufuria kubwa za shaba huazimwa mtaa hata mtaa, na zile zilikuwa Likoni kwa shangazi. Mjomba aliona vibaya kukataa. Akazipakia viti vya nyuma, akacheleweshwa kivukoni, akafika kachoka, akaziacha humo hadi asubuhi.

Zilipoteremshwa, ngozi ilikuwa imebonyea miduara, na katikati ya miduara mikunjo kama uso wa mzee anayecheka. Na tajiri alikuwa afike kwa treni alasiri ile ile.

"Wallahi leo sina kazi," mjomba alisema. Akaingia jikoni, akatoka na birika la maji yanayochemka. "Nguo yenye mikunjo hunyooshwa kwa moto. Na hii itanyooka."

"Kwani ngozi ni nguo, mjomba?"

"We Zuhura! Hata leo una maswali?"

"Basi jaribu kwanza kwenye kubadhi lako bovu, nacho ni kiatu cha ngozi."

Bibi Mwanakombo, mama yake mjomba, alikuwa barazani akimenya vitunguu vya harusi. "Hamisi," alisema bila kuinua macho, "mtoto kakushinda. Lete hilo kubadhi."

Mjomba akalimwagia maji. Lile kubadhi lilijikunja mbele ya macho yetu, likafupika, likawa gumu kama ganda. Mjomba akalitazama, akalitazama gari, kisha akaweka birika chini taratibu kana kwamba mna nyoka ndani. Maji yakimwagika hayazoleki. Bahati yetu yalimwagikia kiatu.

Bibi akanawa mikono. Kazi yake mtaani ilikuwa kuwakanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Bibi humwendea kila asubuhi, akamkanda kiuno na tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto hadi arobaini itimie. Gari, hata kulipanda hakuwahi.

"Ngozi ni ngozi," alisema.

Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua hasa, akakilaza kwanza upande wa ndani wa mkono wake, akangoja. Aliporidhika ndipo akakiweka juu ya kiti. Kisha viganja vikaanza kazi, kutoka ukingoni kuelekea kwenye bonde, bila haraka. Nilichuchumaa mlangoni nikimsumbua.

"Bibi, yasikia?"

"Waniuliza mimi? Mzazi akiumia hunipigia kelele, nikajua. Hii imenyamaza. Kwa hiyo naenda polepole zaidi."

Kufika adhuhuri miduara ilikuwa imeinuka. Aliamuru milango iachwe wazi, upepo upite, jua lisiguse. Ulibaki mduara mmoja karibu na mlango, uliokataa katakata. Mjomba akataka kuufunika kwa shuka.

"Ulichukua bila kuuliza," Bibi alimwambia. "Usifunike bila kusema."

Jioni mjomba alirudi kwa miguu, akatusimulia. Alimwambia tajiri wake kabla hajakaa. Bwana Salim aliupapasa ule mduara, akauliza, "Sufuria za harusi ya nani?"

"Ya jirani yangu, bwana."

"Yaani gari langu limebeba harusi nzima, na mwenyewe sikualikwa hata kula pilau!"

Kazi ilibaki. Ila tangu siku ile funguo zililala kwa tajiri, na mjomba akawa anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami sikwambii uache kuuliza, maana mwenyewe sijaacha. Nakwambia hivi: jibu unalolishuku lijaribu kwenye kibovu chako kabla ya kizima cha mwenzio. Na mzee akikiri kwamba hajui, usimdharau haraka. Tazama anavyokwenda asipojua. Mola akupe maswali yasiyokauka, akujaalie watu wasiokunyamazisha, na mikono yako iwe na subira kuliko ulimi wako. Amin.

Nami nilikuwa nimekwisha maliza chuo kikuu, na Bibi ametangulia mbele ya haki, ndipo nilipojifunza kwamba ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto dogo kuliko ngozi kavu. Kumbe kule kukikamua kitambaa hasa na kukipima mkononi ndiko kulikookoa kiti.