Mama Anataka Kumwambia Bi Harusi Neno la Msibani

Admin, nifichie jina vizuri, maana Kigoma yetu ni ndogo na mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka 49, Muha, mjane. Naanika dagaa Kibirizi na naishi Rusimbi na binti yangu wa mwisho pamoja na mama yangu mzazi. Binti anaolewa Jumamosi. Badala ya kufurahi, situlii. Maharage nimeyatia chumvi mara mbili, na dagaa wamenyeshewa na mvua huku nawaangalia.

Shida ni neno moja. Kwetu, siku moja kabla ya harusi, bibi mzaa mama anamkalisha bi harusi mkekani, anamshika mikono, anamwambia, "Ihangane." Kwa Kiha ni kusema vumilia. Mama yangu aliambiwa na bibi yake. Mimi niliambiwa na bibi yangu, nikaona ni baraka.

Halafu nikaingia kwenye ndoa. Marehemu mume wangu alikuwa mwepesi wa kunyanyua mkono. Siku aliyonipiga sikio la kushoto likatoa damu, nilikimbilia kwa mama. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia ugali, na asubuhi akanisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwa mume. "Ihangane, mwanangu," akageuka akaenda zake. Sikio hilo mpaka leo halisikii.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. "Ihangane." "Ihangane, mama." Nikashtuka pale pale kwenye mkeka wa msiba. Jamani, si ndilo neno la harusi yangu hili? Kumbe walinipa pole mapema! Nilicheka, watu wakadhani nimerukwa na akili.

Niliwasimulia wenzangu tunaoanika nao dagaa. Kila mmoja alikuwa na yake. Tukaanza kukaa pamoja, tukilia, wakati mwingine tukigombana, lakini tukaacha kufichana. Baadaye tukaenda serikali ya mtaa, tukakomaa mpaka wakakubali: mwanamke akikimbia kipigo, harudishwi kwa mume kabla wanawake wenzake hawajamsikiliza. Na sisi wenyewe tukaapa kwamba hakuna binti yetu atakayeambiwa ihangane mkekani. Mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa zamu imefika kwangu. Nilimwambia mama taratibu, "Mama, Ijumaa mwambie mtoto maneno mengine. Mwambie akiumizwa arudi nyumbani."

Aliacha kuchambua mchele, akaniangalia.

"Arudi? Mimi nilirudi kwa mama yangu nikiwa na mimba yako. Akanirudisha. Nikavumilia, nikakuzaa, nikakulea. Kama huyu haambiwi, mimi niliambiwa ya nini?"

Alikuwa analia, na mama yangu si mtu wa kulia. Akasema kama neno hilo halitakiwi, yeye hakai mkekani, na harusi tuifanye bila yeye.

Binti naye hataki mchezo. "Mama, bibi akilisema na wewe ukanyamaza, nitajua siku nikija hapa na damu utanirudisha."

Nampenda mama yangu. Hasira nilikuwa nayo, ikaisha, maana alinipa kile alichopewa. Nikimkatalia, ni kama namwambia ameteseka bure maisha yake yote, na kwa umri ule atakwenda nalo kaburini. Nikimwacha aseme, wenzangu wa Kibirizi nitawatazama kwa macho gani? Na huyu mtoto je? Naogopa kumpoteza mmoja wao, na sijui ni yupi.

Msiniambie nimwite mchungaji. Nilishamwita, akasema nimtii mzazi, akanywa chai akaondoka.

Desturi inataka mama wa bi harusi akae kulia kwa bibi. Kwa hiyo mama atakuwa upande wa sikio langu bovu. Akilisema polepole, mimi naweza nisilisikie kabisa. Lakini mwanangu atalisikia, na atageuka kunitazama.

Nyie mliowahi kusimama katikati ya mama na binti, nishaurini. Akigeuka, nimwambie nini?