Pawabanki ya Njia ya Wamaza

Motadi, dereva wa njia ya Wamaza, hakuamini neno la muuzaji yeyote. Tairi alilipiga teke kwanza, mafuta aliyanusa, na nyaya za kuchajia, ambazo mitikisiko ya njia ilizikata kila mwezi, alizivuta kwa meno. Siku aliyoingia dukani kwa Mounira, mjini Kasongo, kutafuta pawabanki ya sumaku, ile inayojibandika mgongoni mwa simu na kuichaji bila waya, Mounira alimhakikishia, "Papa, hii iko na nguvu, haiachie."

"Tutaona," alisema kwa sauti yake iliyojaa vumbi. Akabandika simu, akanyoosha mikono kama aliyeshika usukani, akakunja magoti na kuanza kunguruma, akiikumbuka njia shimo kwa shimo. Pawabanki ya kwanza iliachia simu mlimani, ya pili darajani. Mara zote mbili Mounira aliidaka kwa kitenge. Kwa ya tatu Motadi alipiga honi kwa mdomo, akawapungia mkono wanawake ambao yeye tu aliwaona, akasimama kumpisha mbuzi. Simu haikubanduka.

"Sasa utachukua?" Mounira akauliza.

Motadi alijitupa juu ya gunia la chumvi, jasho likimtiririka. "Nitachukua, mama. Lakini unipe mayi kwanza. Niko natoka mbali."