Jina Usoni mwa Bibi

Bibi wa rafiki yangu alipofika Guangzhou kutoka India, wa kwanza kusema ujinga nilikuwa mimi. Alikuwa na tatuu uso mzima, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, hadi kwenye kope. Nikamnong'oneza rafiki yangu, "Besti, bibi yako mhuni kuliko wasanii wote uliobandika ukutani." Na yeye, mbea mkubwa, akamtafsiria. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akaninyooshea mikono niione vizuri. Lilikuwa neno moja tu, Ram, limerudiwa na kurudiwa mpaka ngozi ikaisha. Sasa najuta kwamba katika safari yake nzima hatukumpa kitu kingine zaidi ya kicheko kile.

Kwao, rafiki yangu alinieleza, watu wa tabaka lao walikatazwa kukanyaga hekaluni, eti watalinajisi. Basi wazee wao wakasema sawa, bakini na hekalu lenu. Wakachukua masizi ya taa na sindano, wakalitia jina la Mungu, hilo Ram, ndani ya ngozi. Nani atakufukuza kwenye mwili wako mwenyewe? Watu wa dhehebu hilo la wanaojichora hawachomi maiti kama Wahindu wengine. Wanazika, kwa sababu hawana moyo wa kulitazama jina hilo likiungua. Mimi ninayesinzia kila ibada ya Jumapili, hiyo niliisikiliza bila kupiga mwayo.

Shida ilikuwa baba wa rafiki yangu, ninayemwita Anko. Anko anauza zipu na vifungo karibu na soko la jumla la Zhanxi, ambako mama yangu hununua nguo za kupeleka Mwanza, na wateja wake wakubwa ni Wahindi wenzake. Hapa alikuwa amebadilisha jina la ukoo, maana Mhindi mwenzako akilisikia tu, ameshajua tabaka lako kabla hujamaliza kumpa mkono. Jina la ukoo linabadilishika. Uso wa mama yako unaubadilishaje?

Kwa hiyo bibi alikaa ndani. Majirani waliambiwa mgonjwa, hawezi baridi. Yeye alitaka kitu kimoja kabla ya kurudi kwao: kuimba na wale Wahindi waliokusanyika kila Jumamosi jioni ghorofa ya juu, jengo lile lile, kwa nyimbo za dini. Kwa watu wake kuimba ndiyo sala yenyewe. Kila wiki Anko alimwambia wiki ijayo.

Jumamosi yake ya mwisho, rafiki yangu alisingizia tumbo ili asipande na baba yake kwenye nyimbo, na mimi nikaitwa nije kuliuguza. Mpango ulikuwa wangu: barakoa, kofia, shali mpaka puani. Mji huu nusu ya watu wanavaa barakoa, nani angeuliza? Bibi aliitazama ile barakoa kana kwamba nimempa soksi iliyovaliwa. Akasema neno, rafiki yangu akanitafsiria taratibu.

"Anasema hakuchorwa ili aje kujifunika."

Akajitanda shuka lake jeupe lililoandikwa Ram, Ram, Ram kwa wino mweusi, akavaa taji la manyoya ya tausi. Kwenye lifti tulimkuta mzee wa Kichina na mfuko wake wa mboga. Akamtazama bibi, akatazama namba za ghorofa, akamtazama tena. Nikamweleza kwa Kichina kwamba huyu ni bibi yangu mzaa mama. Mimi, Msukuma mweusi tii. Rafiki yangu akanifinya.

Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni, na mlango umeegeshwa tu. Ndani mtu mmoja aliongoza wimbo, wengine wakaitikia. Alikuwa Anko. Sauti niliyoizoea kwake ni ya kugombana na watu wa mizigo, kumbe alikuwa na nyingine, tamu hivyo. Midomo ya bibi ikawa inamfuata neno kwa neno. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe. Wimbo ulipokwisha, mtu alisema kwa Kiingereza kwamba anayeimba hivi lazima katoka ukoo wa makuhani, tabaka la juu kabisa. Wakacheka kwa furaha. Anko hakusema siyo.

Rafiki yangu akaunyanyua mkono kuusukuma mlango. Bibi akaushika, akaushusha. Wakabishana kwa kunong'ona, halafu rafiki yangu akanigeukia macho yamejaa machozi.

"Anasema tukiingia sisi, baba ndiye atakayetoka."

Mimi nina jibu la kila kitu. Walimu wanajua, mama anajua. Pale nikabonyeza kitufe cha lifti kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na kidole.

Baadaye Anko alishuka na vitamu vya ibada katika sahani ya plastiki. Zamani kwao, walioachwa nje ya hekalu waliletewa vitu kama hivyo nje, na mgawaji alividondosha kutoka juu ili vidole visigusane. Anko hakudondosha. Alipiga magoti, akamwekea mama yake viganjani. Bibi akamuuliza kama wameimba vizuri.

"Hamna la maana, mama," Anko akajibu, huku anatazama sakafu. "Hujakosa kitu."

Rafiki yangu alinitafsiria hayo bila kuinua kichwa. Bibi akakubali kwamba ni kweli, hajakosa kitu, akamega kipande, akamlisha mwanawe.